Kichwa cha alasiri: kuyatunza macho mbele ya laptopu

Kazi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kubeba mafaili na kupanga foleni kwenye madirisha ya afisi mbalimbali, leo hii hufanywa kwa sehemu kubwa mbele ya laptopu. Hati ya shehena inaingia kwa barua pepe, ankara inaingia kwa barua pepe, tamko la forodha linajazwa kwenye mfumo na malipo yanathibitishwa kwenye mfumo uo huo, hata mtu akafika saa nane mchana bila ya kuwa ameuondoa uso wake kwenye skrini isipokuwa kwa dakika chache. Ifikapo alasiri malalamiko huwa ni yale yale katika kila meza: macho yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga, maandishi yanafifia, paji la uso linabana, na maumivu yanapanda kutoka shingoni mpaka kisogoni.

Naandika haya kwa sababu inanisikitisha kuona watu wakitoa fedha walizozipata kwa jasho kununua miwani na matone ambayo hayawasaidii, kisha wakakata tamaa na kuamini kwamba kuumwa kichwa kila siku ni sehemu ya kazi. Sivyo. Sehemu kubwa ya maumivu haya haitokani na sumu yoyote inayotoka kwenye skrini. Inatokana na kazi ambayo macho na shingo hufanyishwa bila kupumzika, pamoja na mwangaza na upepo wa chumba chenyewe, na kwa hivyo tiba yake iko zaidi katika namna ya kupanga meza, dirisha na saa za kazi.

Ndani ya jicho mna lenzi laini iliyozungukwa na msuli mdogo wa duara. Tunapotazama kitu kilicho mbali, yaani kuanzia takriban mita 6 na kuendelea, msuli huo hulegea na lenzi hubaki bapa. Tunapotazama kitu cha karibu, msuli hukaza na lenzi huvimba kidogo ili taswira iwe safi, na wakati huo huo macho yote mawili hulazimika kuelekea upande wa pua ili yakutane kwenye sehemu moja. Kadiri kitu kinavyosogea karibu ndivyo kazi hiyo inavyoongezeka. Kukitazama kitu kilicho umbali wa sentimita 33, ambao ni umbali wa kawaida wa simu iliyo mkononi, kunahitaji nguvu maradufu ya kile kilicho umbali wa sentimita 66. Ndiyo maana mtu anayefunga laptopu akachukua simu yake akiamini kuwa anapumzika huwa hajayapumzisha macho hata kidogo, ameyaongezea mzigo.

Jambo la pili ni kupepesa. Mtu akiwa katika mazungumzo ya kawaida hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, lakini akiikazia skrini macho idadi hiyo hushuka mara nyingi hadi nusu au chini ya nusu, na hata anapopepesa, kope ya juu huishia njiani bila ya kuifikia ya chini. Hasara ya jambo hilo si ndogo. Machozi yanayolifunika jicho si maji matupu: juu yake pana utando mwembamba wa mafuta yatokayo kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke. Kope isipofunga sawasawa, mafuta hayasambai, maji yanakauka kwa mabaka, na mwangaza unaopita kwenye mabaka hayo hautui sawasawa ndani ya jicho. Hapo ndipo maandishi yanapofifia. Wengine macho huwatiririka machozi wakashangaa kuambiwa kwamba macho yao ni makavu, ilhali ni ule ukavu unaolichokoza jicho likatoa maji mengi kwa pamoja.

Ipo njia nyepesi ya kutambua ni lipi kati ya mawili haya linalokusumbua zaidi. Maandishi yakififia, pepesa macho taratibu mara kadhaa huku ukihakikisha kope zimekutana. Yakisafika papo hapo, aghalabu tatizo liko kwenye machozi. Yakibaki vile vile, inua uso utazame mbali kwa muda kisha urudi. Yakisafika baada ya hapo, basi ni ule msuli wa ndani uliochoka. Hiki si kipimo cha daktari, lakini kinasaidia kujua pa kuanzia.

Watu wa pwani wana haki ya kuuliza: vipi macho yakauke katika mji wenye hewa yenye unyevu kama huu? Jibu ni kwamba hatufanyi kazi katika hewa ya nje. Kuanzia Januari hadi Machi, joto linapokuwa halivumiliki, afisi hufungwa madirisha na kiyoyozi kikawashwa tangu asubuhi, na kiyoyozi, pamoja na kupoza chumba, huiondolea hewa unyevu wake. Ukitaka ushahidi, tazama maji yanayodondoka kwenye bomba lake ukutani kwa nje. Na pasipo na kiyoyozi pana feni, ambayo kila mmoja huigeuza imwelekee usoni. Upepo wa feni ukipiga macho ambayo tayari hayapepesi vya kutosha huyakausha kwa muda mfupi mno. Igeuze feni ikupige miguuni au mgongoni, au iache izunguke. Joto litapungua vile vile, na macho yatasalimika. Ikiwa kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja juu ya meza yako, elekeza vile vibati vyake juu kwenye dari, au omba meza isogezwe. Katika mambo yote niliyowashauri wenzangu, hili la feni ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lililoleta nafuu ya haraka zaidi.

Kuhusu mwangaza nina mengi ya kusema, kwa kuwa jua letu ni kali na kuta zetu nyingi ni nyeupe. Dirisha likiwa nyuma yako, mwanga wake unapiga kwenye skrini na kurudi machoni pako. Likiwa mbele yako, nyuma ya skrini, macho yanalazimika kupambana na mwangaza wa nje na mwangaza mdogo wa skrini kwa wakati mmoja, na mtu akajikuta amekunja uso tangu asubuhi bila ya kujijua. Kukunja huko kwa misuli ya paji na ya kuzunguka macho kunachangia maumivu ya kichwa. Mahali panapofaa ni pale ambapo dirisha liko ubavuni mwako, kulia au kushoto. Na kwa kuwa Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hapa hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi siku za mwanzo za Oktoba, kisha likahamia upande wa kusini miezi iliyobaki. Meza iliyokuwa na utulivu wa mwanga mwezi wa Januari inaweza kuchomwa na mng'ao mwezi wa Juni, na mwenye meza akadhani macho yake ndiyo yaliyoharibika. Kwa hivyo inafaa kuitazama upya nafasi ya meza na pazia mara mbili kwa mwaka.

Ukali wa skrini yenyewe upime kwa karatasi nyeupe. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, kisha shika karatasi kando yake: skrini ikionekana kama taa kuliko karatasi, ipunguze, ikionekana ya kijivu iliyofifia, iongeze. Vipimo hivi vya asubuhi havifai usiku. Tena, stima inapopotea, laptopu nyingi hujipunguzia mwanga zenyewe ili kuokoa betri, na mtu akaendelea kufanya kazi gizani akiinamia skrini hafifu mpaka stima irudi. Kama ni lazima kazi iendelee, washa taa ndogo ya kuchaji na uiweke ubavuni au nyuma ya laptopu ili ukuta upate mwanga, usiielekeze kwenye skrini wala kwenye macho. Wapo wanaopenda maandishi meupe kwenye skrini nyeusi wakiamini kuwa ni salama zaidi. Kwa baadhi yao yanafaa, hasa chumbani kwenye mwanga mdogo, lakini mbele ya skrini nyeusi mboni hupanuka, na mwenye tatizo la jicho lisilo na mviringo sawa huweza kuyaona maandishi yakiwa na vivuli. Mchana, maandishi meusi kwenye weupe uliopunguzwa ukali huwafaa wengi.

Sasa nije kwenye laptopu yenyewe, ambayo umbo lake ndilo asili ya tatizo. Kibodi na skrini vimeunganishwa: mikono ikikaa vizuri, shingo inainama, shingo ikinyooka, mikono inaning'inia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kinapoinama mbele misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia siku kutwa, hadi maumivu yakapanda kisogoni na kuzunguka mpaka kwenye paji. Bibi mmoja tunayefanya naye kazi, aliyenitangulia kwa umri na kwa kazi, alikuwa amekwisha kubadilisha miwani akitafuta nafuu. Siku moja baada ya kukandwa mabega na bintiye aliniambia, "Mwanangu, macho hayana kitu, ni hii shingo." Alikuwa amesema kweli kwa sehemu kubwa.

Wengi wakisikia habari za shingo huipandisha laptopu juu sana, nako ni kukimbilia kosa jingine. Tunapotazama chini kidogo, kope ya juu huteremka na kufunika sehemu kubwa ya jicho, hivyo machozi hayakauki upesi. Tunapotazama juu, jicho hubaki wazi kabisa na kukauka. Shingo inaitaka skrini ipande, jicho linaitaka ishuke. Mahali pa kukubaliana ni pale ambapo ukingo wa juu wa skrini uko sawa na macho yako au chini kidogo, na katikati ya skrini ukapatazama kwa kuteremsha macho bila ya kuinamisha kichwa. Iweke laptopu juu ya vitabu vinene au boksi gumu, nunua kibodi na kipanya vya kawaida vya kuchomeka, na skrini ikae umbali wa sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni, yaani takriban urefu wa mkono ulionyooshwa. Ikiwa una fedha za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya maumivu haya, nunua kibodi hiyo kabla ya miwani yoyote.

Katika kazi yetu lipo la ziada. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ni lazima ilingane kwenye hati ya shehena, kwenye orodha ya mizigo na kwenye mfumo. Anayezihakiki namba hizo huishika karatasi juu ya meza, chini kabisa kulia kwake, kisha akapandisha macho kwenye skrini, akateremka tena, akapanda tena, mpaka kontena thelathini ziishe. Kila mara macho hubadilisha umbali na shingo hujipinda upande ule ule, na mwisho wake 3 inasomwa 8. Ondoa mzunguko huo kwa kuisimamisha karatasi wima kando ya skrini, kwa umbali ule ule na kimo kile kile. Ubao wa kubania karatasi ulioegemezwa kwenye faili nene unatosha kabisa. Tena yakuze maandishi. Kwenye laptopu nyingi ukishikilia kitufe cha Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha, ukurasa wa intaneti hukua papo hapo. Ikiwa unajikuta unausogeza uso mbele ili usome, basi maandishi ni madogo mno, hata kama mwenzako anayasoma bila taabu.

Kuhusu kupumzika, kanuni inayojulikana zaidi ni ile iliyoenezwa na Jeffrey Anshel, mpimaji wa macho wa Marekani: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, ambazo ni kama mita 6, kwa sekunde 20. Umbali huo haukuchaguliwa ovyo, kwa kuwa hapo ndipo ule msuli wa ndani unapokaribia kulegea kabisa. Tatizo ni kwamba vyumba vyetu vingi, hasa katika nyumba za Mji wa Kale, havina mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu anayetazama ukuta ulio mbele yake bado anatazama karibu. Nenda dirishani. Afisini kwetu Shimanzi tunatazama winchi za bandari, na aliye nyumbani anaweza kutoka barazani akatazama mwisho wa mtaa. Anayeswali anayo mapumziko yaliyokwisha kupangwa, ya adhuhuri na alasiri, na ningemsihi asiyaharakishe ili arudi kwenye skrini.

Mwanga wa buluu wa skrini, ambao wengi huambiwa kuwa ndio unaochosha macho, nitaupitia kwa ufupi, ingawa ndio unaouliziwa sana. Mwaka 2023 shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 17 kuhusu lenzi zinazochuja mwanga huo, na hitimisho lake ni kwamba huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye skrini ni mdogo mno ukilinganishwa na ule tunaoupata tukivuka barabara saa sita mchana. Kuiweka skrini kando saa moja kabla ya kulala ni jambo jema kwa ajili ya usingizi, nalo halihitaji kununua chochote.

Kinachonitia hofu zaidi ni matone. Kuna watu wanaoingia duka la dawa wakiwa na macho mekundu wakatoka na kichupa chochote kilichomsaidia jirani. Baadhi ya matone yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo huondoa wekundu na muwasho kwa haraka ya ajabu, lakini zikitumika kwa muda mrefu bila ya usimamizi wa daktari zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Presha hiyo huharibu mshipa wa kuonea bila ya maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kama unahitaji matone kwa ajili ya ukavu, omba yale ya machozi ya kutengenezwa, na ikiwa utayatia zaidi ya mara nne kwa siku, uliza yasiyo na kemikali ya kuhifadhi. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika, kikawekwa juu ya kope zilizofungwa kwa dakika 5 hadi 10, huyalainisha yale mafuta ya ukingoni, na kwa wengi hufaa kuliko kichupa.

Vidonge vya maumivu navyo vina mpaka wake. Anayemeza dawa za kawaida za kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Na kwa vidonge vilivyochanganywa, kama vile vyenye kafeini ndani yake, mpaka ni siku 10. Hapo kila kidonge kinaita kingine.

Kafeini inanikumbusha Ramadhani. Siku za mwanzo za mfungo, afisi nzima huumwa kichwa na lawama ikaangukia laptopu, ilhali mnywaji wa kahawa chungu na chai ya rangi aliyeacha vyote kwa siku moja huanza kuumwa kichwa saa 12 hadi 24 baada ya kikombe chake cha mwisho. Punguza vikombe kidogo kidogo katika mwezi wa Shaabani, na kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, uone tofauti.

Yapo maumivu ambayo hayangoji kupangwa kwa meza. Kichwa kilichoanza kuuma ghafla kwa ukali usiowahi kuujua, jicho jekundu linalouma huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa na kutaka kutapika, kuona vitu viwili viwili kwa ghafla, vimulimuli vipya au kivuli kinachofunika upande mmoja wa jicho, homa pamoja na shingo iliyokakamaa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili: yote hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa asiyekuwa na hayo lakini ambaye amepanga kila kitu na bado anaumwa, kilichobaki ni kupimwa macho, na hasa aliyefikisha umri wa miaka 40, kwa kuwa kuanzia hapo lenzi ya jicho huwa imekuwa ngumu na kuona karibu kunakuwa kazi. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, ambao ni mfupi kuliko wa skrini, na miwani yenye sehemu mbili humlazimisha mtu kuinua kidevu ili aisome skrini kwa kipande cha chini, na shingo ikarudi kuuma. Kabla ya kwenda, mwombe mwenzako akupimie kwa utepe wa fundi cherehani umbali wa kutoka kwenye macho yako hadi kwenye skrini ukiwa umekaa unavyokaa siku zote, uuandike kwa sentimita na kumpa mpimaji, umwambie pia ni saa ngapi kwa siku unakaa hapo. Akikuandikia miwani ya kazi ya kompyuta, iache mezani unapotoka, maana miwani iliyopimwa kwa sentimita 60 haitakuonyesha vizuri matatu inayokuja upande wa pili wa barabara.